Mtoto Mmoja wa Bi Nyamizi

Ilikuwepo nchi, na wenye nayo wanasema ingalipo, iliyoitwa Shirikisho la Sawasawa. Msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ramani za nchi hiyo huchorwa upya kila baada ya miaka kumi na watu wazima wenye kalamu za risasi, na kila zikichorwa kuna kijiji kinachoamka asubuhi na kujikuta kiko kwingine. Sisi tunasimulia tulivyosikia tu, wala hatuna ugomvi na mtu.

Shirikisho hilo lilikuwa na mikoa saba na Bunge lenye viti hamsini. Mkoa wa Kitovu, wenye Ikulu, uwanja wa ndege na vipilefti vyote vya barabara za nchi, ulikuwa na viti ishirini. Mkoa wa Mlimanyuma, wenye mahindi, ng'ombe na vumbi, ulikuwa na viti tisa. Viti ishirini na kimoja vilivyobaki viligawanywa kwa mikoa mitano ambayo haimo katika hadithi hii, kwa kuwa hata huko kwao hakuna aliyeiuliza neno.

Sasa, ishirini si nusu ya hamsini, na jambo hilo liliwaumiza sana wakubwa wa Kitovu. Kila walipotaka kupitisha sheria, iliwabidi wawaendee wabunge wa mikoa mingine na kuwabembeleza, na mkubwa akibembeleza hupata kiungulia. Miaka mitano nyuma walitaka sheria ya kumjengea Rais jumba la kupumzikia baada ya mapumziko. Wabunge tisa wa Mlimanyuma wakakunja mikono. Wakasema mikono hiyo itanyooka siku kila jimbo la uchaguzi, katika nchi nzima, litakapopewa zahanati moja, mkunga mmoja na kitanda kimoja cha kujifungulia. Wakubwa wakang'aka, wakanuna siku tatu, mwisho wakakubali. Ndivyo jimbo la Isanga lilivyopata zahanati, na ndivyo wakubwa wa Kitovu walivyoapa kwamba hawatabembeleza tena mtu maishani mwao.

Huko Isanga alikuwapo mama mmoja, Bi Nyamizi, ambaye watu wote walimwita Mama Ngolo kwa jina la binti yake wa kwanza. Ngolo mwenyewe alifariki mwaka mmoja kabla zahanati haijajengwa. Uchungu ulimshika, wakambeba kwa machela kuelekea hospitali ya mkoa, na wakamrudisha kwa machela hiyo hiyo kabla hawajafika nusu ya njia. Zahanati ilipofunguliwa, Bi Nyamizi alianza kufagia ua wa zahanati hiyo kila Alhamisi bila kuombwa na mtu. Hakusema kwa nini, na hakuna aliyehitaji kuuliza.

*

Mwaka wa kuhesabiwa watu ulipofika, karani aliyepelekwa Isanga aliitwa Fidelisi, kijana mpole mwenye tai na begi la fomu. Alimkuta Bi Nyamizi amekwisha songa ugali.

"Hodi hapa."

"Karibu, mwanangu. Usisimame juani. Nawa mikono ule kwanza, kazi ya serikali haikimbii."

Karani akanawa, akakaa. Sinia lilikuwa moja, na mikono iliyoingia humo, ukiacha wa karani na wa mwenye nyumba, ilikuwa saba, kuanzia wa Mbuke, binti aliyekuwa amepata mchumba mwaka huo, hadi wa Holo, kitinda mimba, aliyekuwa akichota mlenda hadi kwenye kiwiko. Karani alipomaliza kula alifungua fomu.

"Mama, una watoto wangapi?"

"Mmoja."

Karani akatazama sinia. Wale saba nao wakamtazama.

"Mama, mbona hawa nawaona sa..."

"Ishia hapo!" Bi Nyamizi alikwisha inuka. Alichota majivu jikoni, akayamwaga kizingitini, akapangusa mikono na kukaa tena bila hasira. "Usimalizie hilo neno nyumbani kwangu, mwanangu. Umeuliza, nami nimejibu. Ninaye mmoja. Andika, kisha nikupe maziwa."

Hapa inabidi tumweleze msomaji asiyetoka Mlimanyuma. Watu wa huko hawahesabu watu. Huhesabu mbuzi wa kuuza na magunia ya kupeleka sokoni, lakini mtoto hatajwi kwa idadi, kwa maana ukitamka idadi umemwonyesha asiyeonekana mahali pa kupunguza. Mama mwenye watoto kumi atasema mmoja. Bibi mwenye wajukuu wa kujaza uwanja atasema mmoja. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Masunga, aliwahi kuulizwa na mkuu wa wilaya kijiji chake kina watu wangapi, akasema mmoja, na mkuu wa wilaya, aliyekuwa mwenyeji, akatikisa kichwa kwa heshima na kuongeza sifuri mwenyewe alipofika ofisini.

Fidelisi aliyajua hayo. Mwenyeji yeyote angemweleza. Lakini begini mwake mlikuwa na waraka wenye muhuri mwekundu, na waraka ulisema hivi: *Katika Mkoa wa Mlimanyuma, karani ataandika alichojibiwa, wala hataandika alichokiona.* Akaandika moja. Akanywa maziwa, akashukuru, akaenda nyumba ya pili, nako akajibiwa mmoja, na siku hiyo nzima hakuandika tarakimu nyingine.

Kitovu walikuwa na waraka wao. Huko, karani aliagizwa kuandika anachokitarajia. Wakahesabiwa wageni wa hotelini, na abiria waliobadilisha ndege, kwa kuwa walikanyaga ardhi. Wajawazito wakahesabiwa mara mbili kwa tahadhari. Uwanja wa mpira ukahesabiwa siku ya fainali kama makazi. Makaburi matatu makubwa yakahesabiwa, kwa hoja kwamba hakuna wakazi waliotulia mahali pamoja kama wale. Hata mchumba wa Mbuke, fundi mwashi aitwaye Shija, aliyekwenda Kitovu kutafuta mahari, alihesabiwa mara tatu, mara moja katika kila ghorofa aliloshiriki kulijenga. Siku anahesabiwa, hakuwa na hata chumba kimoja cha kulala.

*

Mwaka uliofuata Mbuke aliolewa, akapata ujauzito, na kama ilivyo desturi akarudi kwa mama yake kungojea mtoto wa kwanza. Mkunga wa zahanati, Sista Perpetua, alimpima, akampima tena, kisha akamwita Bi Nyamizi pembeni.

"Mama Ngolo, nyonga zake ni nyembamba. Sitaki kukutisha. Akijifungulia hapa, mbele yangu, na vifaa nilivyonavyo, atavuka. Asijaribu kwingine."

"Dada yake alikuwa hivyo hivyo."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia."

Wiki ile ile Mwenyekiti wa Tume ya Mipaka, Mheshimiwa Profesa Batholomeo Zumbe, alilihutubia taifa kwa redio. Hotuba ilichukua saa mbili na nusu, pamoja na dakika ishirini za kuwashukuru waliomwezesha kushukuru.

"Ndugu wananchi," alisema Profesa, "mpaka si mstari. Mpaka ni pendo lililonyooshwa kwa rula! Tume yangu haikuongozwa na chuki wala upendeleo. Imeongozwa na namba, na namba hazina kabila. Tumegundua, kwa masikitiko makubwa ya kitaalamu, kwamba ndugu zetu wa Mlimanyuma wamepungua. Kila mama wa huko ana mtoto mmoja tu. Tunawapongeza kwa uzazi wa mpango."

Baada ya pongezi likaja panga. Viti tisa vya Mlimanyuma vikawa vitatu. Viti sita vilivyokatwa vikahamia Kitovu, na Kitovu ikawa na viti ishirini na sita kati ya hamsini, yaani ikaacha kumhitaji mtu yeyote. Majimbo mapya sita yakatajwa: Jimbo la Uwanja wa Ndege Kuwasili, Jimbo la Uwanja wa Ndege Kuondoka, Jimbo la Viwanja vya Gofu, Jimbo la Benki Kuu, Jimbo la Kipilefti cha Kwanza na Jimbo la Kipilefti cha Pili. Hilo la mwisho lilikuwa na askari wa barabarani wanne, muuza karanga mmoja na sanamu ya Rais. Jimbo la Isanga halikutajwa. Lilikuwa limelazwa ndani ya jimbo moja kubwa lililoanzia mlimani na kuishia jangwani, ambalo mbunge wake angehitaji siku tisa kulizunguka kama angekuwa na nia hiyo.

Barua ya zahanati ilifuata. Ilisema kwamba, kwa kuwa Isanga si jimbo tena, kitanda, mizani, taa na mkunga vitahamishiwa Jimbo la Kipilefti cha Pili baada ya siku thelathini. Ilisema pia kwamba serikali ni sikivu. Pingamizi lingesikilizwa makao makuu ya mkoa, mradi liletwe na wakazi wasiopungua mia moja, waliofika kwa miguu yao.

Sista Perpetua aliisoma barua mara mbili, akampa Bi Nyamizi, naye akaishika juu chini kwa muda mrefu.

"Siku thelathini," alisema. "Na Mbuke?"

"Hamsini na kitu," alisema Sista.

*

Mkutano wa kijiji ulifanyika mbele ya zahanati. Mzee Masunga alifungua kwa salamu ndefu, na Bi Nyamizi akainuka kabla salamu hazijafika mwisho.

"Mimi ndiye niliyesema mmoja," alisema. "Na wewe, Mama Kabula, ulisema mmoja. Na wewe, Minza. Tumesema mmoja kijiji kizima, na mkoa mzima, wakachukua mmoja wetu, wakaja na rula. Nataka twende huko mjini, na nataka tukifika tuhesabu. Kwa sauti."

Akina mama wakaguna. Bibi mmoja akatema mate chini.

"Utatumalizia watoto, Mama Ngolo!"

"Wangu alishaisha!" Sauti yake ilipanda hadi watoto waliokuwa wakicheza nyuma wakanyamaza. "Ngolo sikumhesabu hata siku moja. Nilimficha, nikamwagia majivu, nikasema mmoja. Na akafa. Tumewaficha watoto wetu wasionekane na kifo, na tumewaficha mpaka mkunga naye hawaoni! Mimi nina mwingine yule pale, amekaa kwenye benchi na tumbo lake. Sitamficha huyu."

Mbuke aliinamisha kichwa. Asubuhi ya safari Bi Nyamizi alipotoka na kanga zake mbili na chupa ya maji, aliwakuta barabarani wakimngoja. Walikuwa zaidi ya mia mbili. Tunasema sisi, maana wao hawakusema.

Walitembea siku mbili. Katika safari nzima Bi Nyamizi alikuwa akirudia jambo moja kimoyomoyo, akilijaribu neno ambalo hakuwahi kulitamka. Kila alipofika kwenye wa tatu, mkono wake ulitafuta majivu.

*

Langoni mwa ukumbi palikuwa na askari mwenye daftari. Foleni ilikuwa ndefu na jua kali, na Mzee Masunga, kama mwenyekiti, alikwenda mbele kumalizana naye. Wakaruhusiwa haraka kuliko walivyotarajia. Bi Nyamizi alimwona mzee akitoka pale akijifuta jasho, akadhani ni joto.

Ndani, Profesa Zumbe alikuwa amekaa juu ya jukwaa nyuma ya chupa kumi na mbili za maji baridi. Kulia kwake alikaa mbunge wa Isanga, Mheshimiwa Lukelesha. Bi Nyamizi alipomwona alipumua kwa mara ya kwanza tangu atoke nyumbani. Lukelesha alikuwa mtoto wa dada yake. Mama yake alipougua, yeye alikaa kwa Bi Nyamizi miaka sita, akila kwenye sinia lile lile, na siku alipochaguliwa kuwa mbunge mbuzi alichinjwa kwenye ua ule ule.

Profesa alieleza kwa kirefu kwamba kusikiliza ni sanaa, akampa nafasi mbunge. Lukelesha akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Wazazi wangu, mimi ni damu yenu. Kitovu kuna watu walitaka kuwadhalilisha. Fomu ya kwanza ilidai kila mtoto atajwe kwa jina na karani amwone kwa macho. Nikasema hapana! Nikaiambia Tume: mimi nawajua mama zangu. Waulizwe kwa heshima, kwa mdomo, wana watoto wangapi, na jibu lao liandikwe kama walivyolitoa. Tume ikaniheshimu. Na kwa utumishi huo, chama kimeniteua kugombea Jimbo la Kipilefti cha Pili, ambako nitaendelea kuwa sauti yenu."

Wengine walianza kupiga makofi kwa mazoea, kisha wakaacha. Bi Nyamizi alikuwa amesimama.

"Lukelesha."

"Mheshimiwa Lukelesha," alisahihisha mpambe wa Tume.

"Lukelesha. Hilo swali ulilitunga wewe?"

"Mama mdogo, haya ni mambo ya kitaalamu, tutaongea pembeni..."

"Hatuongei pembeni. Ulilitunga wewe?"

"Nilishauri."

"Na ulijua nitajibu nini?"

Mbunge alitazama chupa za maji. Alikuwa bado na lile kovu dogo juu ya nyusi alilolipata akikwea dari la jiko la Bi Nyamizi kuiba nyama ya kukaushwa.

"Ulijua nitajibu nini, mwanangu?"

"Nilijua," alisema Lukelesha.

Bi Nyamizi alishikwa na hasira tupu, hasira ya mtu aliyelisha mtoto kwa mkono wake, na mkono ule ule ukatumiwa kumnyang'anya. Aligeukia jukwaa.

"Basi niandike upya. Wa kwanza ni Ngolo, amekufa, mhesabu hivyo hivyo, kwa kuwa huko kwenu mmehesabu makaburi. Wa pili Mbuke, ana mimba, huyo ndiye ninayemtakia kitanda. Wa tatu Shigela. Wa nne Nkwimba. Wa tano Limi." Mkono ukatafuta majivu, haukupata. "Wa sita Tungu. Wa saba Mayala. Wa nane Holo. Nimezaa wanane! Saba wako hai! Haya, aje anayewataka aje, lakini aandike!"

Kwa muda ukumbi ulikaa kama watu waliosikia mti ukianguka na wanangoja kujua umemwangukia nani. Kisha Mama Kabula akasimama.

"Mimi tisa," alisema.

"Mimi watano, na mapacha, saba!"

"Mimi kumi na mmoja!"

Wakasimama safu kwa safu. Walitaja kwa kulia, walitaja kwa kelele, wengine walitaja wamefumba macho na kuwakumbatia waliowabeba migongoni. Namba ambazo hazikuwahi kutamkwa Mlimanyuma tangu watu waufikie mlima ule zilimwagika mchana ule zote kwa pamoja, na madirisha ya ukumbi yakawa yanatikisika. Karani wa Tume aliweka kalamu chini.

Profesa Zumbe alisubiri mpaka walipochoka. Macho yake yalikuwa yamelowa. Akasimama, akapiga makofi.

"Nimeguswa," alisema. "Nimezunguka mikoa yote, sijapata kuona onyesho la utamaduni lenye mpangilio kama hili. Naagiza kikundi hiki kialikwe kutumbuiza Siku ya Shirikisho. Tunakushukuru, mama. Kikao kimefungwa, maji yaliyobaki yarudishwe garini."

*

Uamuzi ulifika Isanga baada ya siku nane, umepigwa chapa vizuri. Mwalimu wa shule aliusoma mbele ya zahanati.

*Tume imelipokea pingamizi la Isanga na kulitafakari kwa uzito. Kanuni inataka wakazi wasiopungua mia moja. Kwa mujibu wa daftari la langoni, kutoka Isanga alihudhuria mtu mmoja. Pingamizi limetupwa.*

Watu wakatazamana. Mzee Masunga alikuwa ameketi chini, ameshika kichwa.

"Aliniuliza ghafla," alisema. "Yule askari. Akaniuliza, mzee mko wangapi? Nami, Mama Ngolo, naapa, ulimi ulitangulia. Miaka sabini nimejibu hivyo hivyo. Nilipotaka kurudi nikamsahihishe, alishasema pita."

Watu wote walimgeukia Bi Nyamizi, wakingoja amrukie mzee. Hakumrukia. Alimtazama mzee yule, akajua kwamba angekuwa yeye pale langoni, na askari akamuuliza ghafla, angejibu vile vile. Hilo ndilo lililomchoma. Askari naye alikuwa na macho, na foleni ilifika barabarani.

"Inuka, mzee," alisema. "Waliouliza ndio waliojua."

Lori lilikuja siku ya thelathini, saa mbili kamili asubuhi. Katika Mlimanyuma hakikuwahi kufika kitu cha serikali kwa saa yake isipokuwa lori lile. Wakapakia kitanda, mizani na taa. Sista Perpetua alipakiwa mwisho, kwa kuwa alikuwa kwenye orodha baada ya taa. Aliposhuka kumkumbatia Mbuke, dereva alipiga honi. Bi Nyamizi akasimama mbele ya lori mikono imetandazwa, na askari wawili wakamwondoa pale kwa kumnyanyua, mmoja huku na mmoja huku, wakimwomba samahani.

Tunasikia kitanda kiliwekwa katikati ya Kipilefti cha Pili, chini ya sanamu ya Rais, na kwamba muuza karanga hukitumia kuanikia mali yake. Tunasikia pia kwamba Bunge jipya, lililochaguliwa harakaharaka, lilikaa wiki ile, na Kitovu, kwa kura zake ishirini na sita na bila kumbembeleza mtu, ikapitisha jumba la Rais la kupumzikia baada ya mapumziko ya baada ya mapumziko. Ikafuta pia sheria ya zahanati, ila kwa majimbo yaliyokwisha kuwa nazo. Mheshimiwa Lukelesha alinyoosha mkono mara zote mbili.

*

Uchungu wa Mbuke ulianza asubuhi ya Jumatano. Kufikia saa tano waliona hautaisha nyumbani, wakafunga ng'ombe kwenye mkokoteni na kutandika godoro. Ilikuwa njia ile ile. Bi Nyamizi alitembea kando ya gurudumu, ameshika mguu wa binti yake, akimwambia maneno ambayo hakuyakumbuka baadaye. Jua la saa saba liliwakuta kwenye mteremko ambao machela ya Ngolo iligeuzwa. Mtoto alitoka pale, wa kike, akalia mara moja. Damu haikukoma. Wanawake walifanya kila walichokijua, wakafanya na wasichokijua, na Mbuke akauliza mtoto ni wa kike au wa kiume, mara mbili, kisha hakuuliza tena.

Mkokoteni ukageuzwa.

Siku ya tatu baada ya maziko, Karani Fidelisi alifika. Ofisi iliyochukua miaka kumi kuhesabu walio hai ilikuwa na siku tatu tu za kupunguza waliokufa, kwa kuwa kila aliyepungua Mlimanyuma alikuwa faida mahali fulani.

"Pole, Mama Ngolo."

"Tumeshapoa, mwanangu. Karibu."

Hakumwambia anawe mikono. Watoto walikuwa wamekaa ukutani, wote. Mjukuu alikuwa kifuani mwa bibi yake ndani ya kanga, akinyonya kitambaa kilicholoweshwa maziwa ya ng'ombe. Karani alifungua fomu juu ya magoti, akatafuta ukurasa.

"Nimetumwa kuandika kifo," alisema, bila kuinua macho. "Daftari linasema kaya hii ina mtoto mmoja."

"Saba," alisema Bi Nyamizi. Alilisema kwa sauti ya kawaida, na jikoni majivu yalikuwapo, hakuyagusa. "Walikuwa saba. Wamebaki sita. Na huyu."

"Mama, daftari halifunguliwi mpaka miaka kumi ipite. Mimi nina fomu ya kupunguza tu. Ya kuongeza haijachapishwa."

"Basi punguza."

Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Fidelisi alikuwa na tai ile ile.

"Walikuwa mmoja," alisema polepole, kama mtoto wa shule anayeogopa mwalimu. "Amefariki mmoja." Akaandika sifuri. Chini ya hapo palikuwa na mstari wa waliobaki katika kaya walio chini ya umri wa mwaka mmoja, na hapo nako, kwa kuwa asiye na mtoto hawezi kuwa na mjukuu, akaanza kuandika neno *hakuna*.

Bi Nyamizi aliinuka. Alifungua fundo la kanga, akamtoa mtoto, akainama na kumweka mikononi mwa karani, juu ya fomu. Fidelisi alimdaka ili asianguke, kalamu ikadondoka, na mtoto akaanza kulia kwa nguvu zake zote.

"Mshike," alisema Bi Nyamizi. "Ukishamaliza kuandika kwamba hayupo, nirudishie."